Ritifaa ya Watu wa Ng'ambo

Mimi ni karani wa kliniki ya macho, na mtu akiandika "ngambo" bila ritifaa mbele yangu, siku yake imeharibika. Ritifaa ni kile kialama kidogo kinachoning'inia baada ya g. Ndicho kinachomfanya ng'ombe awe ng'ombe. Kiondoe ubaki na ngombe, mnyama ambaye mimi sijamwona bado. Miaka ishirini na miwili nimeandika daftari la usajili kwa wino mweusi: jina, tarehe, namba ya kadi, anapoishi, jicho gani. Nikiwapo wenzangu huniita Bi Karani. Nikitoka kidogo tu huniita Ritifaa, wanadhani sijui.

Basi fikirini furaha yangu nilipoambiwa kwamba daftari langu linahamishiwa kwenye kompyuta, na kwamba wa kulihamisha ni wifi yangu.

Wifi ni mdogo wa mume wangu. Niliolewa yeye akiwa darasa la pili, nikamsuka nywele na kumfuta kamasi. Leo anaandika programu za kompyuta, na kwa muda mrefu niliamini hiyo ni kazi ya kukaa. Akija kututembelea hufungua kompyuta yake mezani, akatulia tuli, macho mbele.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nafikiri, wifi."

"Na mimi nafikiri, lakini vyombo vinaoshwa."

Anacheka, anainuka, anakuja kusuuza. Ana tabia nzuri, sisemi hana. Ila kazi yake nilikuwa sijaiona.

Nilianza kuiona pale kliniki. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta kabisa. Alikaa na daftari langu akawa ananiuliza maswali. Mtu mwenye ugonjwa macho yote mawili ninamwandikaje? Nikamwambia ninamwandika mara mbili, jicho la kulia mstari wake na la kushoto mstari wake. Na akihama nyumba? Ninasahihisha mistari yote miwili. Na nikisahau mmoja? Nikamkata jicho, kwa sababu nilikuwa nimesahau mara nyingi tu.

Akachukua karatasi akachora majedwali mawili. Moja la watu, jingine la macho. "Mtu ataandikwa mara moja," akasema. "Macho yake yatamfuata kwa namba ya kadi. Akihama, unabadilisha mahali pamoja, basi." Niliitazama ile karatasi. Miaka ishirini na miwili nimeandika watu mara mbili mbili, na huyu niliyemfuta kamasi ameliona hilo kabla ya chai ya saa nne. Nilinyamaza, jambo ambalo mume wangu hajawahi kulishuhudia.

Wachapaji wawili walinakili daftari kwa wiki tatu. Kisha wifi akaandika programu ya kusoma kila mstari walioupiga na kuuingiza kwenye hifadhidata, kwenye yale majedwali yake. Aliniita nitazame. Watu wangu walipita kwenye kioo kwa kasi, wagonjwa wa mwaka mzima, na kikombe changu kilikuwa bado kimejaa. Niliona wivu, na niliona fahari, na sikujua kipi nikishike kwanza.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatusubiri. Madaktari wa upasuaji wa mtoto wa jicho huja kwetu mara moja kila nusu mwaka, wiki moja tu. Safari hii walisema watachukua watu mia tatu, kwa kufuata tarehe ya kujiandikisha, na wakatupa siku ya kupokea orodha, mwisho saa kumi alasiri. Atakayebaki anasubiri miezi sita. Kwa mtu mwenye macho hiyo ni miezi sita tu. Kwa mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango wa chooni ni habari nyingine.

Na mmoja wa wanaopapasa ukuta alikuwa mama mkwe wangu, yaani mama yake wifi. Anaishi ng'ambo ya mto, macho yote mawili yameshikwa. Nilimbembeleza mwaka mzima ajiandikishe akawa ananijibu kwamba anaona vya kutosha, hata nikimkunjia uso anajua. Alikuja kukubali kwa kuchelewa, baada ya jirani yake, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa sababu haoni tundu la sindano, kujiandikisha na kumsimanga kila asubuhi juu ya ukuta wa ua.

Siku hiyo ya orodha, saa tano asubuhi, wifi alituma ujumbe wa simu kwa kila mtu aliyekuwamo kwenye hifadhidata: umeandikishwa, orodha inatoka leo. Saa saba na nusu simu yangu ikaita. Alikuwa mama. Namba yangu iko kwenye kitufe cha pili, anakijua kwa kidole.

"Mwanangu, hizo meseji zenu zimekwisha?"

"Zimetumwa zote, mama. Yako haijafika?"

"Simu yangu haijalia. Ya fundi nayo haijalia. Tumekaa tunazitazama kama mayai, na mimi hata kutazama kwenyewe sitazami."

Nilimgeukia wifi nikamwambia. Hakusema mtandao, hakusema subiri kidogo. Alipiga vitufe viwili vitatu akauliza hifadhidata ina watu wangapi. Mia tatu sitini na moja. Akauliza faili la wachapaji lina mistari ya watu wangapi. Mia nne na kumi na wawili.

"Hamsini na mmoja hawamo," akasema, na uso ukamshuka. "Wifi, kosa ni langu."

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuwalaumu wachapaji. Ningekuwa yeye ningewalaumu hao kwanza, kisha umeme. Yeye akanieleza waziwazi. Alipokuwa akijaribu programu yake, aliiambia kwamba hifadhidata ikikataa mstari wowote, iuruke na iendelee kimyakimya. Ilikuwa ya majaribio tu, halafu akasahau kuiondoa. Kwa hiyo watu hamsini na mmoja walikataliwa mlangoni na hakuna aliyepiga kelele.

"Kwa nini wakataliwe?"

"Hilo ndilo sijui." Akachapisha majina yao akanipa karatasi. "Wewe ndiye unawajua. Nisomee, uniambie wanafanana nini."

Sikuhitaji kusoma sana. Huyu anaishi ng'ambo ya mto. Huyu ng'ambo ya mto. Huyu ng'ambo, karibu na kisima. Damu ikanichemka. Watu wa ng'ambo maji yakikatika wao wa kwanza, daraja likibomoka ni lao, na sasa hata kompyuta inawabagua!

"Mashine yako inawachukia watu wa ng'ambo," nikasema.

"Mashine haijui mto uko wapi, wifi. Wote hamsini na mmoja?"

Nikarudia kwa kidole. Kumbe hapana. Mmoja alikuwa wa upande wetu huu, mzee mmoja bawabu mstaafu ambaye namjua vizuri. Wifi naye alikuwa anachungulia waliofanikiwa kuingia, akasema, "Na hapa nina watu wanane wa ng'ambo walioingia bila tatizo. Hawa wana nini?"

Nikainama nikatazama tarehe zao. Ilikuwa ile wiki yangu ya likizo, waliponiwekea kijana wa mkataba kwenye kiti changu.

"Hao usiniulize," nikasema. "Waliandikwa na yule asiyejua ritifaa. Tazama mwenyewe, ngambo, ngambo, ngambo. Nilimsema hadi akalia."

Wifi aliacha kupiga vitufe. "Asiyejua nini?"

"Ritifaa!"

"Na yule bawabu anaishi wapi? Nisomee kama ilivyoandikwa."

"Nyuma ya machinjio ya ng'ombe."

Alijipiga paji la uso kwa kiganja, kofi la kusikika. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamlenga, nikadhani amechanganyikiwa.

Alinieleza hivi, na mimi niliyeishia kidato cha nne nilimwelewa. Programu yake ilikuwa ikitunga amri kwa kuunganisha vipande: maneno ya amri, kisha maneno ya mgonjwa, yote kwenye sentensi moja. Ili hifadhidata ijue maneno ya mgonjwa yanaanzia wapi na yanaishia wapi, yanafungwa kwa alama, moja mwanzo na moja mwisho. Na alama yenyewe ni kile kialama changu. Kwa hiyo hifadhidata ikisoma ng' inaamini neno limekwisha hapo. Halafu inakutana na "ambo" imesimama peke yake, inajiuliza hii ambo ni amri gani, haijui, inakataa mstari mzima.

"Kwa hiyo waliopona ni wale walioandikwa vibaya," nikasema.

"Ndiyo."

"Na niliowaandika mimi vizuri ndio waliokwama."

"Uliwaandika vizuri, wifi. Mimi ndiye niliyewapokea vibaya."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika tano. Sasa naomba mnisikie vizuri, maana sipendi kulisema mara mbili. Nilimwambia: "Basi ziondoe. Ziondoe ritifaa zote, waingie." Mimi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Wifi alinitazama kama nimevua nguo. "Hapana. Maneno ni yao na yako sahihi. Siwezi kuharibu ya kwao ili kufunika la kwangu."

"Mama hayumo!"

"Najua hayumo."

"Basi mwingize mama peke yake, kwa mkono. Mstari mmoja tu. Hao wengine uwatengeneze kwa nafasi."

Aligeukia kioo chake, akafungua faili la wachapaji, akawa anashusha majina polepole huku midomo inacheza, kama mtu anayehesabu. Ilifika saa nane na robo. Kisha akafunga lile faili.

"Wataingia wote pamoja," akasema, "au haingii mtu."

Nilikasirika, sifichi. Nikavuta kiti nikakaa nyuma yake nimenuna. Lakini macho hayana pazia, nikawa natazama, na kadiri nilivyotazama ndivyo hasira ilivyokosa pa kukaa. Alifuta ile sehemu ya kuunganisha vipande, mistari mingi, bila huruma. Badala yake akaandika amri moja fupi yenye nafasi tupu, na kila nafasi tupu akaiwekea alama ya kuuliza.

"Hii ni kama fomu yako ya usajili," akasema bila kugeuka. "Fomu inakwenda kwanza, hifadhidata inaisoma na kuielewa. Maneno ya mgonjwa yanakwenda nyuma yake, pembeni, na kila neno linakaa kwenye nafasi yake. Hifadhidata haiyasomi kama amri tena. Mtu aandike atakacho, ni data tu."

Kisha akasema hatagusa hifadhidata yenyewe kabla ya kujaribu kwenye nakala. "Nitajie maneno magumu yenye ritifaa. Mabaya kabisa."

Hapo nuno likaniisha. Nilimtajia maneno kama niliyelipwa. Ng'ang'ania. Kung'ata. Ving'ora. Nyong'onyea. Kuning'inia. Mung'unya. Aliyapiga yote, akayaingiza, kisha akaiomba hifadhidata iyarudishe, na yakatokea kwenye kioo, ritifaa zangu zote zimekaa mahali pake, hata moja haijaanguka. Sijui kama mnaelewa hali ya mtu ambaye miaka ishirini na miwili amechekwa kwa ajili ya kialama kidogo, halafu anakuta mtu amesimamisha kila kitu ili kialama hicho kiheshimiwe. Nilimshika bega. Nilikuwa nampenda sana wakati ule, na nilimwambia.

"Baadaye, wifi," akasema, "nifikiri kwanza."

Saa tisa na dakika ishirini aliwatuma wale hamsini na mmoja. Aliwafunga katika tendo moja, ama wote wanahesabika wameingia, ama hakuna. Nilihesabu kwa sauti. Kumi, ishirini, thelathini na sita. Halafu maandishi mekundu, na namba ikarudi sifuri.

"Umewatoa!" nikapiga kelele. "Thelathini na sita walikuwa wameshaingia, umewatoa!"

"Sijawatoa. Walikuwa hawajaingia bado, mpaka wote waingie." Alikuwa anasoma yale mekundu, ametulia. "Inasema kadi namba mia mbili kumi na tisa ipo tayari. Hifadhidata haikubali watu wawili namba moja."

"Haiwezekani. Wachapaji hao."

Nilikwenda kabatini kwa hatua za kishindo, nikafungua daftari. Mia mbili kumi na tisa, dereva mmoja wa upande wetu. Nikageuza ukurasa. Mia mbili kumi na tisa, mwanamke mmoja wa ng'ambo. Wino mweusi, mwandiko wangu mzuri, namba zimechorwa vizuri mno zote mbili. Nilikuwa nimegeuza ukurasa nikairudia namba ile ile, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeona, kwa sababu nani angethubutu kunikagua?

Ningeweza kusingizia. Lakini nilikuwa nimemsikia wifi saa saba na nusu akisema kosa ni langu, na ilikuwa imenikaa moyoni. Nikarudi na daftari nikaliweka mbele yake.

"Ni mimi," nikasema.

Hakucheka. Akauliza tu nani alitangulia, nikasema dereva. "Basi huyu wa ng'ambo tumpe namba mpya ya mwisho. Foleni yake haipotei, foleni inakwenda kwa tarehe. Namba ni ya kumtambua tu." Nikaiandika namba mpya daftarini, yeye akaipiga kwenye mstari wake.

Saa tisa na dakika arobaini na nane nesi mkuu alitia kichwa mlangoni. "Bi Karani, orodha."

"Inakuja," nikasema, nikiwa sijui kama inakuja.

Wifi akawatuma tena. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Nikaacha kuhesabu, nikashika ukingo wa meza. Hamsini na mmoja. Maandishi ya kijani. Akauliza hifadhidata ina watu wangapi, ikajibu mia nne na kumi na wawili. Nilipiga kigelegele kimoja kilichomfanya nesi mkuu arudi mbio.

Orodha ya mia tatu ikatoka kwenye printa ingali na joto. Nilishuka nayo kwa kidole, kwa tarehe, namtafuta mama. Mia mbili tisini na tatu, fundi cherehani, ng'ambo ya mto, ritifaa yake ipo. Nikaendelea. Mia mbili tisini na nane, tisini na tisa, mia tatu. Nikageuza karatasi nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Mama yuko wapi?"

Wifi alikuwa ameshaituma orodha kwa madaktari, na ujumbe wa simu kwa wale hamsini na mmoja. Alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Wa mia tatu na sita," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu saa nane na robo. Kati ya wale hamsini wengine, ishirini walijiandikisha kabla yake. Ningemwingiza peke yake, wao wakabaki nje, angekuwa wa mia mbili themanini na sita. Angekuwamo."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Saa nzima nilikuwa nimekaa nyuma yake nikistaajabia mikono ile, na saa nzima ile mikono ilikuwa ikimtoa mama yake mwenyewe kwenye orodha, mstari kwa mstari, bila kukosea hata herufi. Katika maisha yangu nimewajua watu waaminifu wachache. Sikujua kwamba mmoja wao nilimsuka nywele.

Simu yangu ikaita. Wifi akaichukua kabla yangu, akabonyeza spika.

"Mama, ni mimi."

"Simu imelia sasa hivi. Ya fundi pia nimeisikia inalia huko kwake. Tumo?"

"Mmeandikishwa wote, mama. Lakini wanachukua mia tatu. Wewe ni wa mia tatu na sita."

Tulisikia kuku wa mtu.

"Na fundi?"

"Fundi yumo. Wa mia mbili tisini na tatu."

"Mmh. Na hawa wakishamaliza, wakirudi tena, mimi nitakuwa wa ngapi?"

"Wa sita, mama. Awamu ijayo wewe ni wa sita." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Mama, nisamehe, nilikuwa naweza…"

"Hebu ngoja kwanza," mama akasema. "Fundi hajui kusubiri, atakuwa anajiua kwa wasiwasi."

Hakukata simu. Hakioni kitufe cha kukata. Tukasikia anainuka, kiti kinakwaruza, fimbo yake inagonga sakafu, kisha kiganja chake kinapapasa ukuta kwa muda mrefu, hatua kwa hatua, mpaka uani. Wifi aliweka simu mezani katikati yetu.

"We fundi! Toka nje! Umepata, umo! Tafuta sindano zako!"

Fundi alipiga yowe, tukasikia mlango, tukasikia wakigongana, wazee wawili wasioonana, wakikumbatiana na kulia na kucheka. Halafu fundi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka ghafla:

"Na wewe, dada? Wewe umekuwa wa ngapi?"

"Mimi?" mama akasema. "Mimi wa sita."

"Wa sita! Umenipita mbali!" Fundi akaanza kupiga vigelegele upya, safari hii vya mama, na mama akavipokea, akacheka naye, wala hakusema ni sita ya lini.